Jinsi ya kuchagua tanga dogo la kayaki ya kukunja

Tanga la kayaki ya kukunja huchaguliwa kuanzia ndani ya chombo, kwenye mkuku (uti wa chini wa fremu) na mataruma (mbavu zake). Wengi huanzia juu. Wanaona picha ya tanga jekundu limejaa upepo, wanauliza ukubwa wake, na likishafika nyumbani ndipo wanapohangaika kutafuta pa kulifunga. Mwenye kayaki ngumu ya plastiki anaweza kwenda hivyo na mambo yakamnyookea, kwa sababu sitaha yake anaitoboa anapotaka na kukaza skrubu. Sitaha yetu sisi wa kayaki za kukunja ni kitambaa. Ukikitoboa umekiharibu, na hata usipokitoboa hakina uwezo wa kubeba mlingoti. Nguvu yote ya upepo lazima ishuke kwenye fremu, na fremu yenyewe ni vipande vilivyochomekana, kila kiungo na ulegevu wake.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, unga fremu yako chini bila kuivalisha ngozi, yaani kitambaa cha nje, kisha piga magoti kando yake. Shika taruma lililo mbele ya tundu la kukalia, lisukume kwenda omo (mbele), livute kuja tezi (nyuma), lisokote kidogo. Unatafuta taruma lililobanwa pande tatu: chini kwenye mkuku, na juu kwenye ukingo wa kulia na wa kushoto. Hapo ndipo mlingoti usimame au uegemee. Taruma linalocheza mkononi litacheza zaidi majini, na mlingoti utakuwa unalikongoa kwa kila wimbi.

Baadhi ya kayaki za zamani za fremu ya mbao, hasa zile za watu wawili, zina kikombe cha mlingoti tayari kwenye mkuku na tundu la kuupitishia juu. Ikiwa yako inacho, nusu ya uchaguzi imekwisha: mlingoti wako utafuata kipenyo cha tundu hilo. Ikiwa haina, kata ubao mwembamba wa plaiwudi unaolala juu ya mataruma mawili, uufunge kwa mikanda, na kitako cha mlingoti kikae juu yake. Ubao hugawa mzigo, badala ya taruma moja kuubeba peke yake. Kona zake zote zisugue kwa msasa mpaka ziwe mviringo kabisa, upitishe kiganja na usihisi popote panapokwaruza. Kona kali ikisugua ngozi kutwa nzima itatoka upande wa pili, na upande wa pili ni maji.

Upepo na hesabu yake

Nguvu ya upepo haiendi sambamba na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Tanga la mita moja ya mraba kwenye upepo wa kilomita 20 kwa saa husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 2 na kidogo. Upepo ukifika kilomita 30 ni kilo 5 hivi. Ukifika 40, unakaribia kilo 9. Kilo 2 ni msaada mtamu: kayaki inateleza, mabega yanapumzika. Kilo 9 zikikushika ubavuni ni jambo jingine kabisa, maana haziko kwenye sitaha bali katikati ya tanga, pengine mita moja juu ya maji. Kadiri zinavyokaa juu ndivyo zinavyopata nguvu ya kukulaza.

Hesabu hizi si lazima uziamini kwa maneno tu. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile yenye kulabu ya kupimia mizigo ya safari. Peleka kayaki kwenye maji ya kiunoni, vaa jaketi la kuokoa maisha, kaa ndani kama unavyokaa siku zote. Simamisha mlingoti, au gongo lolote lenye kimo hichohicho, na funga kamba pale ambapo katikati ya tanga pangekuwa. Mwenzako asimame ubavuni majini na kuvuta kamba kwa kupitia mizani, taratibu, akikusomea kilo kwa sauti. Kwenye kilo 2 utahisi kayaki imeinama kidogo, na mwili wako utajirekebisha wenyewe. Kwenye kilo 4 au 5 utaanza kuegemea upande wa pili kwa makusudi. Endelea mpaka ukingo wa tundu unapokaribia kugusa maji, mwambie aache, na ukumbuke namba hiyo. Ndiyo namba ya kayaki yako, na mwili wako, na kimo hicho cha mlingoti. Hakuna jedwali la muuzaji linaloweza kukupa namba hiyo.

Wakati mwenzako anavuta, inama uangalie ndani kwa tochi. Tazama mahali taruma linapokutana na mkuku. Likijiinua na kuacha mwanya, au bomba la ukingo likipinda kama linataka kuchomoka kwenye kiungo chake, basi fremu imefika mwisho wake kabla yako, na hapo namba ya kufuata ni ya fremu. Fremu ya mbao aghalabu hulia kwanza. Alumini hupinda kimya, na ikipinda kupita kiasi hairudi.

Kutokana na hayo, vipimo ninavyovishika ni hivi. Kayaki nyembamba ya mtu mmoja, upana wa sentimita 60 hadi 65, itosheke na tanga la mita 0.8 hadi 1 ya mraba. Kayaki pana ya mtu mmoja yenye mirija ya hewa mbavuni inaweza kubeba 1 hadi 1.5. Ya watu wawili yenye upana wa sentimita 85 na zaidi inaweza kwenda mita 2 au zaidi kidogo ikiwa na mbao za ubavuni, zile zinazozamishwa majini ili chombo kisisukumwe kando. Kupita mita 3 mimi naitaka iwe na marengu ya pembeni ya kuizuia isipinduke, kama ngalawa, hata ikiwa bahari imetulia.

Tanga dogo linaonekana kama kitu cha kuanzia, kitakachobadilishwa baadaye. Sivyo. Mwili wa kayaki wenyewe una mwisho wake wa mwendo: chombo chenye urefu wa mita 5 kikikaribia kilomita 10 kwa saa huanza kuburuta wimbi lake, na nguvu unayoongeza baada ya hapo huishia kukiinamisha na kukilaza. Tanga kubwa litakusaidia kwenye upepo hafifu tu, ambako kafi lingekufikisha vilevile.

Watu waliokwenda mbali kwa vyombo hivi walikwenda na matanga madogo. Oskar Speck aliondoka Ulm, Ujerumani, mwaka 1932 kwa kayaki ya kukunja yenye tanga dogo, akafika visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1939. Daktari Hannes Lindemann alivuka Atlantiki mwaka 1956 kwa siku 72, kutoka Visiwa vya Kanari hadi Karibi, ndani ya kayaki ya kukunja aina ya Klepper Aerius II yenye urefu wa mita 5.2 na upana wa sentimita 87. Alipinduka mara mbili njiani hata hivyo. Nawataja kwa sababu mtu akikuambia tanga dogo ni la watoto, safari hizo mbili zinatosha kumjibu.

Unataka kwenda wapi na upepo?

Swali hili ndilo linalochagua aina. Ukijibu kwa uaminifu, aina tatu kati ya nne zitajiondoa zenyewe.

Kuna tanga la duara, kitambaa kilichoshonwa kwenye chuma chembamba kinachojikunja, bila mlingoti. Unalifunga kwa kamba mbili kwenye sitaha ya mbele, unaliachia linafunguka, unalishika kwa hatamu. Halisumbui fremu hata kidogo. Lakini linafaa upepo wa nyuma tu, na ukigeuka kidogo kuliko inavyotakiwa linaanguka. Pia linakaa mbele ya macho, na usipolikunja kwa ustadi linafunguka lenyewe mapajani. Kwa mtu wa ziwani au mtoni anayetaka kupumzisha mikono mara mojamoja, lichukue na usiangalie nyuma.

La pili ni tanga la umbo la V, milingoti miwili myembamba inayoanzia sehemu moja kwenye sitaha na kutanuka kwenda juu. Upepo ukitoka nyuma linasimama wima. Ukitoka ubavuni unalilaza upande mmoja. Uzuri wake ni kwamba mvuto wake umegawanyika, na likishuka linalala juu ya sitaha mbele yako. Kwa kayaki ya watu wawili, ambako mke wangu ndiye anayekaa mbele, hili ndilo tulilolitumia kwa muda mrefu, kwa sababu halina mti wa chini unaopita kichwani mwake.

Tatu ni tanga dogo la pembetatu lenye mlingoti mfupi na mti wa chini, mbele ya mpiga kafi. Hili ndilo ninalompendekezea mtu wa kayaki ya mtu mmoja anayesafiri baharini. Linashika upepo wa nyuma, wa ubavuni, na hata linakusaidia kidogo ukielekea upande upepo unakotoka, mradi unaendelea kupiga kafi. Watu hudharau sehemu hiyo ya mwisho, lakini mimi naipenda kuliko zote. Kafi na tanga vikifanya kazi pamoja kayaki hutulia kwenye wimbi, na mwendo haukatiki kati ya pigo na pigo.

La nne ni tanga kamili: mlingoti mrefu uliopita ndani ya sitaha, tanga kuu na pengine tanga la mbele, usukani, mbao za ubavuni. Kwa hilo unapiga bisho kweli, yaani unakwenda mshazari kuelekea upepo unakotoka. Umegeuza kayaki kuwa mashua, lakini kupiga kafi chini yake ni taabu, na kufunga kila kitu kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuunga kayaki yenyewe. Ukitaka hilo, lichukue kwa ajili ya kayaki ya watu wawili tu.

Kulishusha

Hapa sina mjadala na mtu. Tanga ambalo huwezi kulishusha kwa mkono mmoja, ukiwa umekaa, bila kulitazama, usilinunue. Kulitweka, yaani kulipandisha, kunaweza kuwa kugumu. Utatweka ukiwa na nafasi. Kulishusha ni wakati upepo umekugeukia, mkono mmoja uko kwenye kafi umeegemea maji, na jicho liko kwenye wimbi linalokuja.

Jaribu ukiwa nchi kavu. Weka kayaki nyasini, ingia ndani, vaa kila unachovaa majini, hata kile kitambaa cha kuziba tundu. Tweka tanga. Sasa fumba macho, shika kafi kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia tafuta kamba ya kushushia. Mkono uifikie bila kupapasa. Ivute mara moja: mlingoti ulale mbele, na mpira wa kuvutika uwe tayari kulikamata tanga lisimwagike majini. Rudia kwa mkono wa pili. Kama jarari, yaani kamba ya kutwekea tanga, inakwama kwenye kapi, kapi ni dogo kwa kamba hiyo au limekaa upande. Kama mlingoti unasita kabla ya kulala, mara nyingi kitako chake cha mpira ni kigumu mno, au kamba ya mbele imekazwa kupita kiasi.

Demani, yaani kamba ya kukaza na kulegeza tanga, isifungwe fundo mahali popote. Ishike mkononi au ipitishe kwenye kibanio cha meno ambacho kamba inachomoka kwa kuinuliwa tu. Mwisho wake sipigi fundo la kuzuia. Nataka nikiiachia itoke yote, tanga lipeperuke bure kama bendera. Kamba zinazoshikilia mlingoti ziwe za polyesta au nyuzi nyingine zisizovutika, unene wa milimita 3 au 4. Nailoni huvutika ikilowa, na mlingoti uliokuwa wima asubuhi utakuta umeegemea.

Kamba hizo za nyuma zifike mbali iwezekanavyo na mlingoti, na zishike fremu. Njia safi ni kuzungusha mkanda kwenye bomba la ukingo ndani, kisha kuutoa nje kwenye mwanya kati ya sitaha na ukingo wa tundu. Pete zilizogundishwa juu ya ngozi zinafaa kuongoza kamba, si kubeba mvuto wote.

Kabla hujafumbua macho pale nyasini, piga kafi hewani kama unavyopiga majini. Kafi likigonga mlingoti au kamba, sogeza kitako mbele kwa kiganja kimoja na ujaribu tena. Kisha angalia mbele: ukingo wa chini wa tanga uwe juu kiasi cha kukuwezesha kuona chini yake, au kitambaa kiwe na kidirisha cha plastiki angavu. Kitambaa chenyewe kiwe cha polyesta ngumu ikiwa utatumia upepo wa ubavuni, kwa sababu nailoni nyembamba huvimba na kupoteza umbo. Kwa upepo wa nyuma nailoni inatosha. Rangi iwe kali. Rangi ya chungwa huonekana na mwenye boti la mashine kabla hajaiona kayaki.

Usukani na mbao za ubavuni

Tanga la mbele huvuta omo kuipeleka kule upepo unakokwenda. Kwa upepo wa nyuma ni neema, chombo kinajinyoosha chenyewe. Kwa upepo wa ubavuni utapigana nacho. Usukani wa miguu unatatua sehemu kubwa, na kwa maoni yangu kayaki ya kukunja isiyo na usukani ibaki na tanga la duara au la V.

Mbao za ubavuni zinahitajika pale tu unapotaka kwenda ubavuni au zaidi ya ubavuni bila kuchukuliwa. Hukaa kwenye mti unaokatiza mbele ya tundu, na mti huo ndio wa kukaguliwa: ubane fremu pande zote mbili, usibane kitambaa. Ukisogeza mbao mbele, kayaki inageukia upande upepo unakotoka. Ukizirudisha nyuma, inakimbilia kule upepo unakoelekea. Ziweke ili ukiachia kila kitu omo igeuke polepole kuutazama upepo. Hapo tanga linapeperuka na chombo kinasimama.

Siku ya kwanza

Chagua upepo mwepesi unaovuma kuelekea nchi kavu. Toka kwa kafi ukiukabili, kisha rudi kwa tanga. Usifanye kinyume chake, na sababu ni hii: ukienda na upepo unahisi kidogo kuliko ulivyo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, nawe unakwenda 8, usoni mwako ni 12 tu. Bahari inaonekana shwari. Ukigeuka kurudi ndipo unapokutana na zile 20 zote pamoja na mwendo wako, na mikono imeshapoa. Mimi huangalia maji: povu jeupe likianza kuonekana kila upande, tanga linashuka, hata kama bado naona raha.

Siku hiyohiyo, karibu na ufukwe na mwenzako akiwa pembeni, pinduka kwa makusudi tanga likiwa juu. Utaona jinsi kitambaa kilichojaa maji kinavyozuia kayaki kugeuka, na mikono yako itajifunza kutafuta kamba ya kushushia kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kafi liwe limefungwa kwa kamba nyembamba, na hewa iwe imejazwa kwenye mifuko ya omo na tezi.

Mkobani

Pima mkoba wako kabla ya kuagiza. Kipande kirefu zaidi cha mlingoti kisizidi kipande kirefu zaidi cha fremu, la sivyo utakuwa unasafiri na mizigo miwili. Mlingoti wa vipande viwili au vitatu ni sawa, lakini uangalie viungo: bomba la ndani liingie kina cha kutosha, angalau mara tatu ya kipenyo chake, na kiungo kisiangukie pale mlingoti unapopita kwenye sitaha, kwa sababu hapo ndipo unapopinda zaidi. Tanga dogo zima na mlingoti wake lisizidi kilo 2 hivi; likizidi sana utaanza kuliacha nyumbani.

Ukitoka maji ya chumvi, chomoa vipande vya mlingoti palepale ufukweni, hata kama umechoka na jua limezama. Chumvi ikikauka ndani ya kiungo cha alumini hukigandisha, na kesho hakitachomoka wala kuingia mkobani. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi ndani na nje, kitako cha mpira pia, kisha anika kila kipande peke yake.